Taya la Mama Eliaichi

Mke wa Mwalimu Filemoni alipokuwa akila, ukikaa karibu naye ulisikia. Si kwamba alitafuna kwa fujo, la hasha, Eliwaza alilelewa akaleleka. Ni taya lake la kulia lililokuwa likilia ko, ko, kila alipofungua mdomo, pale mbele ya sikio, na wifi zake walikuwa wakikonyezana na kubana vicheko.

"Wifi, leo umepika makande na mifupa yake?" walimtania.

Walicheka mwaka wa kwanza, wakacheka na wa pili. Ulipofika mwaka wa nane hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka tena. Maumivu yalikwisha kupanda mpaka kipajini na kushuka mpaka shingoni, na kila asubuhi Eliwaza aliamka hoi, utadhani usiku kucha alikuwa akitwanga.

"Ni jino," akasema Eliezeri, dresa wa zahanati ya kule juu mlimani.

Kwa Eliezeri kila kitu kilikuwa jino. Wewe ukishika shavu, yeye ameshashika koleo. Akang'oa gego la chini, upande wa kulia. Wiki ya pili Eliwaza akarudi analia vile vile, Eliezeri akasema, "Basi litakuwa hili la jirani yake," akaling'oa na hilo. Mwezi uliofuata akang'oa la juu. Magego matatu mazima, yenye mizizi mirefu, hayana tundu hata la kupitisha ncha ya sindano! Eliwaza aliyaona kwa macho yake ndani ya bakuli. Nawaambieni, aliyeng'olewa jino bovu hupumua, lakini aliyeng'olewa jino zima hurudi nyumbani na maumivu yale yale na pengo juu yake. Na ukimwambia dresa kwamba amekosea, anakuuliza ulisomea wapi.

Filemoni alikuwa mume mwema, lazima tuseme ukweli. Pale kijijini wanaume wa kumkanda mke kwa maji ya moto walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, naye alikuwa mmojawapo. Jioni alipotoka shuleni alichovya kitambaa, akakikamua, akamshikia shavuni na kumwuliza, "Hapa? Au hapa?" Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno ya taratibu, na majirani walimwonea Eliwaza wivu.

Basi mwaka ule, miaka miwili mitatu kabla ya vita vya Hitla, asubuhi moja taya likagoma kabisa. Eliwaza alijaribu kupiga mwayo, mdomo ukafika mahali ukakwama. Kati ya meno ya juu na ya chini kilipita kidole kimoja tu, tena kwa kulazimisha. Uji aliunywa kwa kufyonza. Makande aliyatazama tu kwenye sahani za wenzake.

Mtu mwingine angelia kwa sababu ya njaa. Eliwaza alilia kwa sababu ya mwanawe. Tumainieli alikuwa na miezi sita, anatokwa udenda, anang'ata kila kinachofika mdomoni, na fizi zake zimeanza kuvimba.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo, tena sirudi kwa furaha.

Kwa Wapare wa zamani mtoto aliyeota jino la juu kabla ya la chini aliitwa kigego, na kigego hakukaa katika nyumba. Ilisemwa kwamba akija kukua na kung'oka meno ya utoto, kila jino litakaloanguka litaondoka na mtu wa ukoo. Kwa hiyo aliondolewa yeye kwanza. Wamisionari walipokuja wakakataza. Serikali nayo ikakataza, ikasema atakayefanya hivyo atanyongwa. Na kila jambo hilo lilipotajwa kanisani watu wote walitikisa vichwa kukubali. Kutikisa kichwa ni kazi rahisi sana.

Mtoto wa kwanza wa Eliwaza alikuwa msichana, alibatizwa Eliaichi. Alipofikia miezi saba likachomoza jino, jeupe, dogo kama punje ya mchele, na lilichomoza juu. Wa kwanza kuliona alikuwa mama yake. Kwa siku nne alimfunika mtoto kwa kanga kila alipotaka kucheka mbele ya watu. Siku ya tano mama mkwe, Dorkasi, alimlisha mjukuu wake uji, akasikia jino likigonga kijiko. Alimaliza kumlisha, akamfuta mdomo, akamrudisha kwa mama yake.

Kesho yake alfajiri akasema, "Mwanangu, nenda kakate majani ya ng'ombe. Mtoto niachie mimi bibi yake."

Na Eliwaza akaenda. Akaenda! Hilo ndilo lililomla miaka yote ile. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ameolewa juzi, na mama mkwe akisema nenda, unakwenda. Alirudi saa sita na mzigo wa majani kichwani, akakuta udongo mbichi kwenye migomba, tuta fupi la kukaa mtoto.

"Degedege," akasema Dorkasi. "Tumemzika upesi kwa sababu ya joto."

Joto! Mwezi wa Julai, kule juu, ukungu haujaondoka tangu Jumapili na watu wamejifunika mablanketi! Filemoni hakuwepo, ilisemwa alikuwa ameitwa misheni kwa mambo ya shule. Alirudi siku ya pili, akaanguka juu ya lile tuta, akalia mpaka macho yakavimba. Mchungaji akaja akaliombea kaburi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Eliwaza Mama Eliaichi. Jina lilifutika katika vinywa vya watu kana kwamba halikuwahi kutamkwa.

Hakuuliza. Angemwuliza nani? Dua la kuku halimpati mwewe. Angefungua mdomo, Dorkasi angepelekwa kwenye kitanzi, Filemoni angefukuzwa kazi ya ualimu na kutengwa na kanisa, na yeye angerudi kwa baba yake, mwanamke aliyemnyongesha mama wa mumewe. Akafumba mdomo. Mchana aliufumba kwa hiari, na usiku, usingizini, ulijifumba wenyewe mpaka meno yakasagana. Miaka saba tumbo halikushika. Wa nane akampata Tumainieli.

Sasa aliogopa tabasamu la mwanawe. Hakumshusha mgongoni, akilima naye, akichota maji naye. Alikuwa amejiapiza: safari hii Dorkasi akimwambia kakate majani, atasema hapana. Alilifanyia mazoezi shambani peke yake, hapana, hapana, mbele ya mahindi. Na sasa mdomo wenyewe wa kusemea haupitishi kijiko.

"Nimesikia Bwana Meno yuko Same wiki hii," akasema Filemoni. "Tutashuka kesho."

Bwana Meno ndilo jina watu walilompa daktari wa meno, Mzungu mmoja mrefu, mwembamba, aliyekuja kwa gari moshi kutoka Tanga mara mbili kwa mwaka. Wakashuka tangu kungali giza, Filemoni mbele na fimbo yake, Eliwaza nyuma na mtoto mgongoni. Huko juu waliacha baridi na migomba. Huku chini walikuta vumbi, miiba, na jua la Same lisilo na adabu. Bwana Meno alipewa chumba kimoja nyuma ya boma. Asubuhi aliwatazama Wazungu, kisha Wahindi wa stesheni na wa madukani, na mchana, kama mkono wake haujachoka, akawatazama watu weusi waliokuwa wamekaa foleni tangu jogoo. Ndani kulikuwa na kiti cha kukunja na keekee ya kutobolea meno iliyozungushwa kwa mguu, kama cherehani. Kila keekee ilipoanza kuimba, mtu mmoja wa foleni alikumbuka kuwa jino lake limepona.

Msaidizi wake alikuwa Swalehe, mtu wa Tanga, mtu mzima mwenye kofia safi, ambaye Kiingereza alikisikia vizuri kwa kufanya kazi nacho miaka mingi. Kwa kawaida yeye ndiye aliyetafsiri. Lakini Filemoni alipoingia na koti lake la ualimu, akasema, "Ahsante, ndugu. Mke wangu nitamtafsiria mwenyewe."

"Karibu, Mwalimu," akasema Swalehe, akarudi kwenye sinia lake la vyombo.

Bwana Meno alijua Kiswahili cha maneno matatu: fungua, funga, temea hapa.

"Fungua," akasema.

Eliwaza akafungua ulipofikia. Daktari akatazama, akakunja uso. Hakuchukua koleo. Alimwekea vidole viwili mbele ya masikio, kimoja kila upande, akamwambia afungue na kufunga, afungue na kufunga, naye amefumba macho kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali. Kisha akagonga jino moja moja kwa kijiti cha chuma. Halikuuma hata moja. Akatazama yale mapengo matatu, akauliza jambo kwa sauti kali.

"Anauliza nani alikung'oa magego," akasema Filemoni.

"Eliezeri," Eliwaza akajibu kwa meno yaliyobanana.

Daktari akatukana kwa Kiingereza. Tusi halihitaji mkalimani. Kisha akavuta kigoda akakaa, akaanza kueleza taratibu, na Filemoni akafuata maneno yake, tena alifuata vizuri, maana kufundisha ndiyo kazi yake.

"Anasema meno yako hayana ugonjwa, wala hayakuwa nao. Kinachouma ni kiungo. Taya la chini limening'inia kwenye fuvu kwa viungo viwili, hapa na hapa, kama mlango kwenye bawaba zake. Katikati ya kila kiungo kuna kitu laini mfano wa ngozi, cha kuzuia mfupa usisuguane na mfupa. Chako cha kulia kimeteleza mbele ya mahali pake. Ndicho kilichokuwa kikilia ko, ko. Sasa kimekwama kabisa, ndiyo maana mlango haufunguki."

Eliwaza akashusha pumzi. Miaka minane, na huyu mtu kwa dakika kumi amemwambia kinachomuuma na mahali kilipo! Machozi yakamlengalenga.

Daktari akamfungulia mdomo tena, akaonyesha meno yaliyobaki, jinsi yalivyolika juu yakawa bapa. Akasema maneno mengi, safari hii polepole, akimtazama Eliwaza machoni, si Filemoni. Sauti yake ililainika. Mwishoni ilipanda, kama swali.

Filemoni hakutafsiri.

Swalehe, kule kwenye sinia, akaacha kupangusa vyombo. Kisha Filemoni akakohoa, akamjibu daktari yeye mwenyewe kwa Kiingereza, maneno yaliyonyooka, akatabasamu na kuonyesha kwa mkono Tumainieli aliyelala mgongoni kwa mama yake. Ndipo akamgeukia mkewe.

"Daktari anauliza kama unapenda sana kutafuna miwa."

Miwa! Eliwaza hakuwa ameonja muwa kwa miaka mitano. Alimtazama mumewe, akaona jasho kwenye mdomo wa juu.

"Hapana," akasema.

Daktari hakuuliza tena. Alinawa, akafunga vidole gumba viwili kwa kitambaa, akaviingiza mdomoni kwa taabu mpaka juu ya magego ya chini. Swalehe akamshika Eliwaza kichwa. "Vumilia, mama," akamnong'oneza. Daktari akakandamiza chini, akavuta mbele, taratibu, akisubiri misuli ichoke kushindana naye. Eliwaza aliona nyota za mchana. Mara kitu ndani ya sikio kikaruka, ko! kubwa kuliko zote, na mdomo ukafunguka. Daktari akasimamisha vidole vyake viwili kati ya meno, vikapita. Akajaribu na cha tatu, kikakaa nusu.

Eliwaza alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto. Hakuweza kukumbuka mara ya mwisho alipolia hivyo.

Masharti yakafuata. Kitambaa cha maji ya moto mara tatu kwa siku. Chakula laini, kilichokatwa vipande vidogo, atafune pande zote mbili. Akitaka kupiga mwayo ashike kidevu. Na kubwa kuliko yote: midomo ikutane, ulimi upande juu, lakini meno yasikutane. Meno hukutana wakati wa kula tu. Akijikuta ameyabana, ayaachie, hata mara mia kwa siku. Daktari akachukua chapa ya meno yake kwa nta, akasema huko Tanga atamtengenezea kibao chembamba cha mpira mgumu wa kulalia nacho, kije kwa gari moshi.

Filemoni akaaga, akatoka kwenda kumsalimu karani wa boma waliyesoma naye. Eliwaza akabaki akisukutua. Swalehe akamletea maji mengine ingawa hakuyaomba, akainama kama anayeokota kitu.

"Mama, mimi si mchongezi, na ya mke na mume hayanihusu," akasema. "Lakini dawa ya mtu ni mali yake. Daktari hakuuliza habari za miwa."

"Aliuliza nini?"

"Alisema unabana meno usingizini, na kwamba amewahi kuona watu wengi wa namna yako, na wengi wao wana jambo wamelizuia rohoni. Akamwambia mwalimu, muulize mkeo ilianza lini, na wakati huo kulitokea nini. Akasema bila hilo vitambaa vya maji ya moto ni kupaka rangi ukuta unaobomoka."

"Na mwalimu alijibuje?"

Swalehe akatazama mlangoni. "Alisema mkewe hajapata huzuni yoyote tangu aolewe. Alisema mmesubiri mtoto miaka minane na Mungu amewajalia huyu, mzaliwa wa kwanza."

Mzaliwa wa kwanza.

Njia nzima ya kupanda mlima Eliwaza hakusema kitu, na Filemoni akadhani ni taya. Alimwambia, "Meno yasikutane, mke wangu, kumbuka," naye akaitikia. Alikuwa akijiambia kwamba mume amemkinga mama yake, basi. Mtoto gani anayemtoa mama yake kwa Wazungu? Alijaribu kumwelewa, jamani, alijaribu. Lakini kumkana mtoto mbele ya mtu asiyewajua, ambaye kesho anapanda gari moshi na kwenda zake? Yule aliyemlilia mpaka macho yakavimba? Hasira aliyokuwa akimwekea Dorkasi peke yake ikaanza kumgeukia mume pia, na hakupenda.

Siku nane zikapita, mdomo unapitisha vidole viwili na nusu. Siku ya tisa Dorkasi alimchukua Tumainieli kumpakata, akamtia kidole mdomoni kama afanyavyo bibi yeyote. Kidole kikapita chini, kikapita juu, kikasimama juu. Uso wake ukabadilika.

"Huku juu kumevimba," akasema.

"Na chini pia kumevimba, mama," akasema Eliwaza.

"Juu kumezidi." Akamrudisha mtoto. Akachukua ufagio, akafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Kisha akasema, bila kumtazama, "Kesho alfajiri kakate majani ya ng'ombe. Yamekwisha. Mtoto niachie mimi bibi yake."

Maneno yale yale! Hata hakujisumbua kutafuta mengine. Eliwaza akasikia taya likianza kujifunga, misuli ikipanda kama kamba inayokazwa. Akaachia meno. Akapandisha ulimi. Akavuta pumzi.

"Hapana," akasema.

Dorkasi akageuka. "Umesemaje?"

"Nimesema hapana, mama. Majani nitakata na mwanangu mgongoni. Nitalima naye, nitalala naye. Jino litoke juu, litoke chini, litoke puani, haendi popote. Na akitokewa na degedege, nitashuka bomani Same kwa miguu hii, mdomo wangu sasa unafunguka."

Yule mwanamke mzee alikaa chini pale pale, na ufagio mkononi. Eliwaza alikuwa amelisema, na mbingu hazikuanguka.

Jino likatoka siku ya kumi na tatu, na lilitoka chini.

Basi ungemwona Dorkasi! Alipiga vigelegele uani akaita mtaa mzima. Akachemsha ndizi na nyama, akawaita wazee wa ukoo waje waone jino la mjukuu wake, na mtoto akapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akimfunua mdomo wa chini na kucheka. Filemoni alisali sala ndefu ya shukrani. Alisema Bwana amewafuta machozi. Alipomaliza, watu wakamtaka mama wa mtoto aseme neno.

Eliwaza akasimama. Alitaka kusema ahsante. Kweli, ndilo alilotaka, maana mwanawe amepona. Lakini alipowatazama wote walivyofurahi, furaha ya watu waliosamehewa deni la ng'ombe, akaona kwamba hakuna hata mmoja anayemkumbuka yule mwingine, ambaye kosa lake lilikuwa punje ya mchele mahali pasipotakiwa.

"Mama," akamwambia Dorkasi, "nimekaa na neno moja miaka minane, na leo ni siku ya furaha, nitauliza kwa adabu. Eliaichi mlimfanya nini kabla ya kumweka pale kwenye migomba?"

Wazee wakatazama chini. Dorkasi akatazama upande aliosimama mwanawe, na Eliwaza akaona kitu ambacho hakukitarajia usoni mwa yule mwanamke: uchovu.

"Mimi umenichukia miaka minane, na nilistahili," akasema Dorkasi. "Nilisema mtoto aondoke, sikatai. Lakini kwenye migomba kuna nguo zake tu. Mwulize mumeo. Mimi nilimfunga kwenye kanga. Aliyembeba ni baba yake."

Eliwaza akamgeukia Filemoni. Alingoja acheke, akasirike, aseme mama yake amezeeka. Filemoni aliweka Biblia yake juu ya kigoda, polepole, kana kwamba ingevunjika.

"Wazee walitaka apelekwe msituni," akasema. "Nikasema hapana, mimi ni Mkristo. Nikashuka naye mpaka Kihurio, huko bondeni. Kulikuwa na wachuuzi wa pwani, watu wasiojali habari za meno. Nikampa mwanamke mmoja wao. Eliwaza, mimi nilimwokoa! Nilimwokoa."

"Yu hai?"

"Alikuwa hai."

"Yule mwanamke anaitwa nani?"

"Sikumwuliza."

"Ulimwambia mtoto anaitwa nani?"

Filemoni akatikisa kichwa kukataa. Machozi yalikuwa yakimtiririka, machozi ya kweli, kama yale ya siku ile juu ya kaburi lisilo na mtu.

"Ukarudi, ukalia na mimi," akasema Eliwaza. "Ukanikanda taya."

"Ungemfuata. Ungemrudisha hapa, wangemwua."

"Ningemfuata," akasema Eliwaza. "Nisingemrudisha hapa."

Akamchukua Tumainieli mikononi mwa mzee aliyekuwa amempakata. Mdomo wake ulikuwa wazi na haukuuma popote, na laiti ungeuma. Lilibaki jambo moja tu ambalo hakuweza kutolijua.

"Alilia?"

"Hakulia," akasema Filemoni. "Njia nzima nilimwambia tunamfuata mama."